Kwani baiskeli ya mwanao wewe ina faida gani?

Wiki iliyopita kaka yangu na wifi walikwenda mahali kuomba msaada wa tairi. Si jambo kubwa, tairi sita za inchi 20 na tyubu zake. Wakasubiri kwenye benchi saa mbili nzima, wakaitwa ndani, wakaeleza. Bwana mkubwa akawasikiliza vizuri tu, akasikitika pale pa kusikitika, kisha akauliza: "Sasa hii baiskeli itamsaidia nini hasa mtoto mlemavu?"

Wifi alinisimulia haya huku anasugua sufuria. Nadhani sufuria ile haijapata kusuguliwa vile tangu inunuliwe.

Itamsaidia nini! Jamani, hii ni Tanga. Hapa baiskeli ndiyo miguu. Maalimu anakwenda nayo chuoni, muuza samaki anakuja nayo na tenga nyuma, bibi harusi mtarajiwa anabebwa kwenye keria kwenda kusukwa. Kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya ishirini pale Ngamiani, sijawahi kusikia mzazi akitakiwa aeleze faida ya baiskeli ya mwanawe. Inanunuliwa, mtoto anaanguka, anang'oka jino, anapanda tena. Hakuna anayedai ripoti.

Mnaonisoma siku zote mnamjua mtoto wa kaka yangu. Ana miaka tisa, ana mtindio wa ubongo, mguu wa kulia umekaza na kiwiliwili hakikai wima kwa muda mrefu. Maneno hana, ila makelele anayo ya kutosha mtaa mzima. Miaka miwili iliyopita baba yake alichukua baiskeli ya mtumba ya kitoto, akaipeleka kwa fundi anayetengeneza maguta, zile baiskeli za mizigo za magurudumu matatu, akamwambia, "Nifanyie guta la mtu mmoja."

La kwanza lilikuwa kituko. Fundi aliyafunga magurudumu yote mawili ya nyuma yavutwe na mnyororo, chombo kikakataa kukata kona, kikalala ubavu na kaka yangu juu yake (yeye ndiye aliyekuwa anajaribu, alhamdulillahi). Wakarudi. Sasa gurudumu moja ndilo linalovutwa, lingine linajizungukia. Friwili, ile inayoziacha pedeli zitulie gurudumu likiendelea kuzunguka, ikachomelewa, kwa hiyo pedeli haziachi kuzunguka na mguu mzima unauburuta ule uliokaza. Kwenye mteremko kitu hicho kingemtia mtoto hatarini, lakini mji wetu ni kama sinia. Juu ya pedeli wakakaza yeboyebo kwa bolti, na wifi akashona mkanda wa kifua kutokana na mkanda wa gari bovu. Nyuma pana mpini wa kushika mzazi.

Ziko za kiwandani, nzuri sana, za Ulaya na Marekani. Bei yake usiulize kama una presha.

Hiyo moja imekuwa nne. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, watoto wa mtaani na wa mitaa ya jirani wanaletwa: wa mgongo wazi, wa usonji, mmoja haoni na hukaa kiti cha nyuma cha baiskeli ya watu wawili, yenye pedeli mbele na nyuma, anakanyaga hatari. Wanapokezana. Hakuna muhuri wala mwenyekiti, hakuna fulana zenye maandishi. Ni familia moja, fundi mmoja anayelipwa nusu pesa nusu wali, na mimi ninayepika uji.

Sasa nirudi kwa bwana mkubwa, maana bado sijammaliza.

Alipouliza lile swali, wifi akaanza kujitetea kwa lugha ya hospitali. Inanyoosha misuli, inalainisha viungo, inaimarisha kifua. Kweli tupu, hata mtaalamu wa mazoezi ya viungo amemwambia hivyo. Linaloniuma ni kwamba amezoea kujibu hivyo. Mtoto huyu akila, ni zoezi la kumeza. Akishika mpira, zoezi la vidole. Akioga, ananyooshwa. Kila anachogusa kina sababu ya kitabibu. Sasa huyu ni mtoto saa ngapi?

Siku ya kwanza ya lile guta nilikuwepo. Wifi alikuwa nyuma ameshika mpini, mtoto akakanyaga pedeli, akakanyaga tena, na mama akauachia mpini kidogo tu. Akageuza shingo akaona mama yupo nyuma. Akakanyaga kwa nguvu zaidi. Akamkimbia! Tangu azaliwe mtoto huyu amekuwa mtu wa kubebwa, au wa kuachwa kibarazani wenzake wakienda. Hajawahi kumwacha mtu nyuma. Na siku hiyo alimwacha mama yake kama hatua kumi na tano hivi, akicheka mate yanamtoka, na mama amesimama katikati ya njia hajui alie au akimbie.

Andika hiyo kwenye fomu, chini ya "matokeo yanayotarajiwa".

Kwa wanaopenda karatasi: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unautaja mchezo waziwazi katika ibara ya 30. Watoto wenye ulemavu washiriki michezo na burudani sawa na watoto wengine. Haikuandikwa "iwapo misuli itanyooka".

Haya, nikubali moja. Kuna watoto hawana hata kiti cha magurudumu, au wamepewa cha mtu mzima kinachowatoa vidonda, na mwenye fungu dogo lazima achague. Sawa. Ila bwana huyu hakusema ana fungu dogo.

Na wale wa "asije akaanguka": onyesheni magoti yenu kwanza.

Tairi tumepata mbili, kwa muuza spea aliyeuliza swali moja tu, "Inchi ngapi?" Nne bado. Halafu kuna jirani amelalamika kwamba mtoto anapiga kengele ya baiskeli tangu saa moja asubuhi mpaka anashushwa. Ni kweli, anapiga. Kaka alitaka kuifungua, wifi akamficha spana.