Jaji Warioba na deni lisilokatwa kwenye mshahara

Hapa Dodoma, Jaji Joseph Warioba anakumbukwa zaidi kwa siku moja: 18 Machi 2014, alipowasilisha rasimu ya Katiba kwenye Bunge Maalumu na kuutetea muundo wa serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar) mbele ya wajumbe ambao wengi hawakutaka hata kuusikia. Mimi navutiwa zaidi na kazi yake ambayo haina kelele. Mwaka 2016 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na hata baada ya kuvuka miaka 80 ameendelea kuvaa joho na kuwatunuku vijana shahada.

Tena SUA si chuo kilichomsomesha. Yeye alihitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1966. Baadaye akawa Mwanasheria Mkuu, Waziri Mkuu, kisha jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg. Katikati ya hayo akaongoza Tume ya Rais ya Kero ya Rushwa mwaka 1996. Angebaki nyumbani akipokea wageni, nani angemlaumu? Jaji Barnabas Samatta naye, baada ya kuwa Jaji Mkuu, alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu Mzumbe.

Sasa tuje kwetu tuliopita Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), pale Chimwaga. Tuliosoma sheria wengine ni mahakimu, wengine mawakili wa serikali. Tukikutana, stori ni makato ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, ile asilimia 15 ya mshahara. Siku deni likiisha, mtu anaona kamalizana na chuo.

Hapo ndipo nagombana na wenzangu: lipo deni lingine kwa chuo, lisilokatwa kwenye mshahara. Mwaka 2022 matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, wanakopitia wahitimu wa sheria kabla ya kuwa mawakili, yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Lawama zilirushwa kila upande, ikaundwa hadi kamati. Sidai kwamba dawa ni moja. Lakini kijana anayesoma mwenendo wa kesi miaka yote ya chuo bila kukosolewa na hakimu hata mara moja, tunategemea akajifunzie wapi kumhoji shahidi?

Na sisi wa Dodoma kisingizio kimetuishia. Makao Makuu ya Mahakama yako hapa hapa mjini tangu 2025. Ofisi za serikali zimejaa wanasheria. Simwombi mtu mchango wa jengo (michango ya harusi inatutosha). Naomba hakimu mmoja akae kwenye kesi ya mazoezi, amkatize mwanafunzi anayemuuliza shahidi wake mwenyewe swali linalomdokezea jibu, amwambie kwa nini hairuhusiwi. Saa mbili tu. Wala tusisubiri kustaafu ili tualikwe kama wageni rasmi. Jumamosi mahakama hazikai, na bajaji za Chimwaga zipo.