Kuiandikia Cap'n Web njia yako ya kusafirisha ujumbe: lini inafaa?

Cap'n Web, maktaba ya JavaScript ya kuita kazi zilizo kwenye programu ya mbali, huja na njia tatu tayari: mafungu ya HTTP (miito kadhaa katika ombi moja), WebSocket (muunganisho unaobaki wazi pande zote mbili) na MessagePort (ya kuunganisha sehemu za programu ndani ya kivinjari). Anayetaka ya nne huandika klasi yenye send na receive, akipenda huongeza abort, kisha huikabidhi kwa RpcSession, klasi ya maktaba inayoendesha kipindi cha mawasiliano. Msimbo wenyewe ni mfupi. Uzito uko kwenye yale ambayo maktaba inayachukulia kuwa yametimizwa.

Kwa majaribio, faida haina ubishi. Foleni mbili ndani ya kumbukumbu hutosha kuunganisha pande zote bila mtandao, na unaweza kuchelewesha ujumbe upendavyo. Vilevile, kama tayari una chaneli ya WebRTC (teknolojia ya vivinjari kuwasiliana moja kwa moja), hakuna haja ya kufungua muunganisho wa pili.

Kwenye TCP, itifaki ya msingi ya mtandao, mambo hugeuka. TCP husafirisha baiti, haijui ujumbe mmoja unaishia wapi. Ulichotuma mara moja kinaweza kufika vipande viwili, au jumbe mbili zikafika zimeshikana, na JSON.parse, inayosoma ujumbe, ikagoma. Kwenye kompyuta ya msanidi, jumbe fupi hupita salama, kwa hiyo hitilafu hujificha. Tanguliza baiti 4 za urefu, kusanya hadi utimie, ndipo ugeuze kuwa maandishi. Pima urefu kwa baiti, si kwa length ya maandishi, na uweke kikomo. Baiti 4 zinaweza kutangaza ujumbe wa karibu GB 4.

Jumbe kupotea au kufika bila mfuatano ni hatari zaidi. Mwito hautumwi na namba yake. Kila upande hujihesabia. Mwito wa 5 ukipotea, wa 6 utahesabiwa kuwa wa 5, na jibu linaweza kumfikia asiyehusika. Chaneli ya WebRTC ni salama kwa mipangilio yake ya kawaida, lakini maxRetransmits (kikomo cha kutuma tena) au ordered: false (kutojali mfuatano) huiharibu.

Muunganisho ukifungwa, receive lazima irushe kosa, la sivyo miito iliyobaki itasubiri milele. Usijaribu kuunganisha upya kimyakimya humo ndani: hesabu ya upande wa pili huenda imeshafutwa. Anzisha kipindi kipya.

Kwa hiyo, kama WebSocket inapita, itumie. Ikibidi uandike yako, ijaribu kwa kuilisha baiti mojamoja, kisha kwa kukata muunganisho katikati ya ujumbe.