Nimekuja China kusoma Kichina, Kiswahili ndo kimeniaibisha

Mwaka wa tatu huu niko Hunan, nasoma Kichina, lugha na utamaduni, digrii kabisa sio kozi ya miezi mitatu, na kila nikipiga simu nyumbani Bombo, Uganda, swali ni lilelile, sasa ukimaliza utapata kazi gani? Siwalaumu. Barabara ya Entebbe ile mpya wamejenga Wachina, bwawa la Karuma wamejenga Wachina, mtoto wa shangazi yangu alibeba zege huko Karuma akarudi anajua kuhesabu na kutukana tu, basi. Kwa hiyo Kichina kwetu ni ufunguo wa kampuni, nani ana haja na utamaduni.

Mi nina jambo moja la kusema na najua wengine litawaudhi, ila kwanza niwape ya huku.

Mwezi wa kwanza ni mateso. Herufi unaandika mara ishirini ishirini kwenye vijiboksi vya daftari, na mwalimu anafuatilia hadi mstari upi umeanza nao, ukitanguliza wa chini kabla ya wa juu anakurudisha mwanzo. Halafu toni, ziko nne. Mtu aliyekulia kwenye Luganda sauti kupanda na kushuka si ngeni kwake, mi sikio langu ni la Kiswahili cha kota za jeshi, sauti ni ileile kama ya gwaride. Siku moja sokoni nikamwambia mama wa mboga nataka "mai" biringanya. Sasa mai ya kushuka kisha inapanda ni kununua, mai ya kuporomoka ni kuuza. Mi nikaporomosha. Mama akaangalia mikono yangu mitupu akauliza, biringanya zako ziko wapi tuzione? Meza zote za jirani zikacheka, ila akaniongezea pilipili bure, na pilipili ya Hunan we acha tu.

Kitu kingine, hawa watu nao wana lugha zao za nyumbani. Wazee wengi wa huku H inawatoka kama F na N inakuwa L, kwa hiyo Hunan wanaita Fulan, mi wiki ya kwanza nikajua nimeletwa mkoa wa fulani. Ni kama Waganda na zile L na R zao. Mwalimu wetu darasani ni Kichina sanifu kama cha redio, akipigiwa simu na mama yake kijijini anageuka mtu mwingine, sishiki hata neno moja, na hamna anayemcheka. Nikakumbuka primary kwetu, ukikamatwa unaongea lugha ya nyumbani unavalishwa kibao shingoni, unazunguka nacho mpaka umnase mwenzio umvalishe yeye. (Sio kwamba huku ni peponi, wazee wanalalamika wajukuu wanaongea Kichina cha shule tu, lugha ya bibi hawaijui. Na sisi wageni tumewekwa hosteli yetu peke yetu, unaweza kumaliza digrii bila rafiki Mchina hata mmoja usipojituma.)

Sasa aibu yenyewe. Sikukuu ya Mwaka Mpya wao, rafiki yangu kanialika kwao, nikamkuta pale dada yake, binamu, amesomea Kiswahili Beijing. Ndiyo, Kiswahili, vyuo vya Beijing vinakifundisha tangu miaka ya 1960, na redio yao ilianza kutangaza kwa Kiswahili 1961, sisi Uganda hata uhuru bado. Nikafurahi banange, nikamimina. Nikamwambia nimeleta kitabu mbili za zawadi. Akatabasamu kwa adabu, akasema, "Kaka samahani, vitabu viwili?"

Mchina. Ananisahihisha Kiswahili mimi. Mbele ya bakuli la kichwa cha samaki.

Halafu akanifungua akili. Kichina huwezi kusema samaki mmoja hivihivi, lazima uweke kineno katikati, "yi tiao yu", na hiyo tiao ni ya vitu virefu, samaki, suruali, barabara, mto. Vilivyo bapa kama karatasi, meza, kitanda, ni "zhang". Miaka miwili nilikuwa nakariri hayo kama kasuku. Akasema mbona ninyi mna ngeli, ninyi mmeibandika kwenye neno lenyewe, sisi tumeiweka pembeni, basi. Sio kitu kimoja moja kwa moja lakini pale nilielewa vyote viwili kwa mpigo, Kichina na Kiswahili, kwa sababu kota hatukuwa na ngeli, tulikuwa na kitu moja, watu mbili, wewe kuja hapa.

Na hapo ndo ninapotaka kuwaudhi. Kiswahili Uganda kiko kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, Julai 2022 Kabineti ikapitisha kiwe lazima shuleni, na mpaka leo ukikiongea kwenye taksi Kampala watu wanashika mikoba. Lugha ya askari, lugha ya wezi. Naelewa, kuna wazee walioamrishwa kulala chini kwa hicho Kiswahili kwenye roadibloki, hawajasahau. Lakini Makerere walifungua taasisi ya Kichina 2014, Kichina kikaingia sekondari 2019, sikusikia mtu akiuliza ni lugha ya nani. Wazazi walewale waliotununia kwa Kiswahili wanalipia watoto tyusheni ya Kichina. Mi nasema hivi, ukifuata lugha kwa sababu ya mshahara tu utarudi na zile za Karuma, kuhesabu na kutukana, na huyo Mchina bosi wako atakujua mapema sana.

Jumapili nimepiga simu nyumbani, nikamwomba mama anitumie vitabu vyangu viwili vilivyobaki kabatini. Kimya. Halafu nikamsikia anamwita baba, "Mzee njoo usikie, Wachina wamemfundisha mtoto Kiswahili cha Mombasa!"