Krenki ya Triumph 650: ibalansiwe upya au irudi kama ilivyotoka?

Kuna ubishi umekaa mezani kwangu mwezi mzima sasa na haujaisha. Nimefungua injini ya pikipiki ya Triumph TR6 ya 1967 aliyoniachia marehemu baba mdogo, silinda mbili, sisi 650, na krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, iko nje imeviringishwa kwenye tambara lenye oili. Mzee mmoja hapa Arusha aliyefunga pikipiki za Mwingereza tangu ujana wake ananiambia isafishe, tia beringi mpya, rudisha, we utajua kuliko kiwanda? Halafu kuna kijana wa magari ya rali, yeye anasema bila kuipeleka kwenye mashine ya kubalansi nafunga bomu. Wote nawaheshimu na wote wamenichanganya.

Kwanza tuondoe jambo moja, maana kila nikiwauliza mafundi wa bodaboda naambiwa aah krenki tunabalansi kila siku. Hapana jamani, mnanyoosha. Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ikifa kwenye pikipiki ya CG125 unaitoa pini kwa presi, unatia konrodi mpya, unagonga huku na huku kwa nyundo ya shaba mpaka mshale wa geji utulie, hiyo ni kunyoosha, yaani shafti mbili zizunguke kwenye mstari mmoja. Kubalansi ni habari ya uzito. Krenki inaweza kunyooka kama uzi na bado ikakutetemesha mpaka mikono ife ganzi.

Kinachowapoteza wengi ni tairi. Tairi unabandika risasi kwenye rimu mpaka linatulia kabisa, kazi imeisha, kwa sababu kila kitu pale kinazunguka. Pistoni haizunguki, inapanda, inasimama, inashuka, inasimama tena, na kila ikisimama inaivuta injini nzima iende nayo. Na kwenye Triumph hizi pistoni zote mbili zinapanda pamoja na kushuka pamoja, ndivyo zilivyo tangu Speed Twin ya 1937 aliyoibuni Edward Turner, kwa hiyo kwa upande wa mtetemo hesabu una pistoni moja kubwa. Ukiweka uzito upande wa pili wa krenki kuipinga, sawa, juu na chini kumetulia, ila ule uzito wenyewe unazunguka, sasa ukifika mbele au nyuma nani wa kuupinga? Hamna. Mtetemo hujauua, umeuhamisha. Ndio maana kiwanda hakipingi uzito wote wa pistoni, kinachagua asilimia. Kwa 650 za enzi hizo Triumph walichagua 85, maana yake 15 iliyobaki inairusha injini juu na chini, na ile 85 inaisukuma mbele na nyuma.

Tupige hesabu kidogo. Pistoni inasafiri milimita 82, nusu yake 41. Kwa mizunguko 6000 kwa dakika kila gramu iliyo pale inavuta kama kilo 1.6. Tuseme pistoni, ringi, pini na kichwa kidogo cha konrodi ni gramu 400, na ziko mbili, hiyo ni zaidi ya kilo 1300. Asilimia 85 yake ni tani moja na ushee, inakwenda mbele na nyuma mara 100 kwa sekunde, na wewe umeikalia!

Hapo ndipo naona mzee ana hoja nzito. Hakuna mashine itakayoiondoa hiyo tani, ni umbo la injini lenyewe. Tena ile asilimia haiendi peke yake, inaendana na fremu. Angalia Norton Commando, pikipiki nyingine ya Mwingereza iliyotoka 1967, asilimia ya krenki yake ni 52 tu, kwa sababu injini wameitundika kwenye raba. Itoe ukaifunge kwa bolti kwenye fremu ngumu uone kama utafika Moshi na balbu nzima. Sasa mi fremu yangu ni ile ile, krenki ile ile, ya nini kuanza kuchimba chuma?

Ila mzee anasahau kitu kimoja. Pistoni sio zile zile. Niliazima mizani ya sonara nikapima. Mpya ni nyepesi kuliko za zamani kama gramu 12 kila moja, na zenyewe kwa zenyewe hazilingani, ya kushoto imezidi ya kulia gramu 4. Gramu 12 sikujali sana, ntarudi hapo. Hizo 4 ndizo zilizoniuma, maana ni kama kilo 6 na nusu zinavuta upande mmoja tu, injini inataka kuyumba kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Nikaipunguza ile nzito kwa faili, ndani, chini ya sehemu inapopita pini, kidogo kidogo napima, jioni nzima imeisha kwa gramu nne. Konrodi nazo nilizilaza moja moja, kichwa kimoja kwenye mizani kingine kwenye kipande cha mbao usawa mmoja, nikageuza, zikapishana kwa chini ya gramu moja, nikaziacha. Yote haya hayahitaji mashine wala safari ya Nairobi, na kwa maoni yangu nusu ya wanaosema nilibalansi krenki injini ikawa tamu walichopata ni hiki tu, pistoni kulingana.

Na kabla ya yote hayo kuna kabomba ndani ya krenki kanakokusanya matope ya oili, kamezuiwa na moja ya bolti za flaiwili, lile gurudumu zito la katikati ya krenki. Kangu kalikuwa kamejaa kitu kigumu kama lami. Usipokasafisha oili haifiki kwenye konrodi, na hapo mtetemo utakuwa shida yako ndogo kabisa.

Sasa kijana. Anachosema kuhusu mashine ni kweli, krenki ikizungushwa kwa kasi mashine inaona kama upande wa kushoto unavuta huku na wa kulia unavuta kule, kitu ambacho ukiilaza tu juu ya vyuma viwili vilivyonyooka ijiviringishe yenyewe hukioni kamwe, itatulia vizuri kabisa na bado ina kasoro. Kwa injini ya mashindano inayoishi kwenye mizunguko ya juu ningemsikiliza bila kubisha. Kinachonitisha ni nani anaiendesha hiyo mashine. Krenki ya gari la silinda nne inazungushwa uchi, kwa sababu pistoni mbili zikipanda mbili zinashuka, zinapingana zenyewe. Ya Triumph ukiizungusha uchi mashine itakwambia upande wa uzito umezidi, na ni kweli umezidi, umewekwa uzidi! Lazima kwanza ufunge vyuma vya uzito maalumu pale konrodi inapokaa. Jamaa yangu alipeleka ya kwake karakana moja ya magari, hawakumuuliza uzito wa pistoni wala chochote, wakachimba matundu mpaka ikatulia, wakampa na karatasi. Pikipiki ilipofika kilomita 70 kwa saa vioo vilikuwa havionyeshi kitu, na breketi ya madigadi ikakatika ndani ya mwezi. Kurudisha uzito uliochimbwa ni kujaza tangisteni, uliza bei utalia.

Basi nikafanya ya katikati. Vyuma viwili vilivyonyooka juu ya meza, pima maji, krenki juu yake. Kila upande nikaning'iniza kikopo cha maziwa kwa waya, ndani nati na vipande vya risasi, kikopo na waya nimevipima pia. Uzito ni kichwa kikubwa cha konrodi chote, jumlisha asilimia 85 ya vinavyopanda na kushuka. Nikaiachia. Ikajiviringisha taratibu, upande wa flaiwili wenye uzito ukashuka chini ukabaki hapo. Nikaongeza nati moja moja mpaka ikawa inakaa popote nikiiacha, nikarudi kwenye hesabu, ikatoka 87 na kitu. Ni zile gramu 12, pistoni nyepesi zimeipandisha asilimia.

Je 87 badala ya 85 utaisikia? Mi nasema hapana, kwa pikipiki ya kwenda nayo Usa River Jumapili hapana kabisa. Ingekuwa imeangukia 75 ningeshika karatasi yenye uzito wote nikapanda basi kwenda kwenye mashine Nairobi. Kijana nilipomwambia akatikisa kichwa, akasema na ule mvutano wa kushoto na kulia je, hukuupima. Ni kweli sikuupima. Mzee yeye aliangalia vikopo vya maziwa akacheka, akauliza beringi zinafika lini.