Mwanafunzi wa Uuguzi na Sindano ya Bibi

Mwombe mwanafunzi wa uuguzi wa Tanzania akutajie chanjo, atakutiririshia: BCG ya kifua kikuu mtoto akizaliwa, matone ya polio, penta ya magonjwa matano wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua-rubela miezi 9 na 18. Sasa mwulize bibi wa miaka 70 anahitaji chanjo gani. Nimewauliza wengi, na mara nyingi jibu lilikuwa kimya.

Wapo wanaoona kwamba kasoro ni ya mwanafunzi na mtaala wake: wazee hajawasoma vya kutosha, basi aongezewe vipindi. Wengine wanauliza, afundishwe ili akafanye nini? Chanjo ya mafua makali haimo katika ratiba ya taifa, na ya mkanda wa jeshi pia haimo. Zahanati anayokwenda kufanyia kazi haitakuwa nazo kwenye jokofu, na shilingi iliyopo ni afadhali imlinde mtoto, mwenye maisha yote mbele yake.

Hoja hii ya pili siipuuzi. Hata mzee mwenyewe hunufaika mtoto anapochanjwa. Japani ilianza kuwachanja wanafunzi wa shule dhidi ya mafua makali mwaka 1962. Mpango ulipolegezwa na hatimaye kuachwa mwaka 1994, watafiti waliochambua takwimu za vifo waliona vifo vya msimu wa baridi vikipanda, na wengi wa waliokufa walikuwa wazee. Chanjo ya nimonia tunayowapa watoto wetu kwa zaidi ya miaka 10 sasa nayo huwapunguzia vijidudu babu na bibi wanaolala nao nyumba moja.

Hata hivyo, hoja hiyo inadhani kwamba muuguzi hatakutana na mzee na sindano siku moja. Atakutana naye. Chanjo ya homa ya manjano, wanayochanjwa wasafiri, ipo nchini, na mtu aliyevuka miaka 60 anayeipata kwa mara ya kwanza ana uwezekano mkubwa kuliko kijana wa kupata madhara makali, ingawa ni nadra. Muuguzi asiyejua hilo atamchoma tu, bila kupima kama safari yenyewe inastahili. Chukua na pepopunda. Wanawake wengi huchanjwa dhidi yake wakiwa wajawazito, lakini babu aliyejikata jembe shambani huenda hajawahi kuchanjwa hata mara moja.

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani dhidi ya UVIKO-19, na watu wa miaka 50 na zaidi wakawekwa katika makundi ya kwanza. Ghafla wauguzi waliozoea mapaja ya watoto walikabiliwa na wazee wenye maswali magumu: nina presha, nina sukari, itaniua? Muuguzi anayesita kujibu, mzee huona, naye huondoka.

Kuna jambo moja ambalo hata wanaotetea vipindi zaidi hulipita haraka mno. Kinga ya mwili nayo huzeeka, hivyo chanjo nyingi huwa na nguvu ndogo kwa mzee. Mwanafunzi aliyeishia hapo huamini kwamba kumchanja mzee ni kupoteza dawa. Nusu ya pili ya somo ndiyo muhimu: wataalamu walitafuta njia. Ipo chanjo ya mafua ya wazee yenye kiungo cha kuamsha kinga mara 4 ya kipimo cha kawaida, na ipo ya mkanda wa jeshi ambayo dozi zake 2, katika majaribio, ziliwakinga takriban 9 kati ya kila 10 waliovuka miaka 70.

Kwa hiyo nasimama na wanaotaka afundishwe, ila siamini kwamba mtazamo hubadilika darasani. Mwanafunzi hufunzwa chanjo kwa vitendo katika kliniki ya mama na mtoto, na mikono yake hukariri kwamba chanjo ni ya mtoto. Ukimpa dodoso atajibu kwamba wazee wachanjwe, kwa sababu ndilo jibu zuri. Mpelekeni pia wiki kadhaa kwenye kliniki ya sukari na presha, wazee wanakokaa kwenye mabenchi tangu alfajiri. Aketi na mmoja mmoja, aanze na shikamoo, kisha amuulize: bibi, sindano ya pepopunda ulichomwa lini mara ya mwisho?