Ko-opu za zamani New York: bei iko chini kwa sababu ruhusa sio yako

Kuna kaka mmoja kauliza kwenye grupu letu la WhatsApp la watu wa nyumbani tulioko New York. Kaona apatimenti ya ko-opu inauzwa Carnegie Hill, upande wa mashariki wa Manhattan, vyumba viwili vya kulala, jengo la miaka ya 1920, bawabu masaa 24, Central Park unaenda kwa mguu dakika tano, dola milioni na ushee, halafu bei iko chini kuliko kondo mpya ya ukubwa ule ule. (Kondo ni apatimenti unayoimiliki mwenyewe moja kwa moja, kondo la nyumba jamani sio la nyuma, najua kuna watu wataanza.) Yeye na mkewe madaktari, uwezo Mungu kawajalia, anachouliza ni hii kitu ina walakini gani. Majibu yakamiminika, wengine bahati hiyo usiichezee, wengine usithubutu, bodi ya majirani wanaoamua nani aingie watakunyanyasa. Mi naona kila upande umeshika nusu ya habari.

Nimepaka rangi majengo ya hivyo miaka kadhaa kwa hiyo nianze na nyumba yenyewe, maana ndo inayowalewesha watu. Dari iko juu, mbao za sakafuni zimepangwa zigizaga na zinang'aa mpaka unaona aibu kukanyaga na viatu vya kazi, kuta za plasta nene ukipigilia msumari unapinda msumari. Mnakwangua rangi watu wanne kutwa nzima na hamsikii jirani hata akikohoa. Na mnakwangua kwa adabu, rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, jiji hili iliipiga marufuku 1960, kwa hiyo ukuta wa 1926 ujue huko chini risasi ipo. Ramani maarufu wanaiita klasiki siksi, yaani sebule, chumba cha kulia, jiko, vyumba viwili, na nyuma ya jiko chumba cha hausigeli, kidogo kiasi kwamba kitanda kikiingia mlango haufunguki wote. Pembeni yake mlango wa nyuma na lifti ya mizigo. Huo mlango ndo tunaopita sisi mafundi mpaka leo. Waliojenga walishapanga nani apite wapi, na mi kila nikisikia habari za bodi nauwaza ule mlango.

Maana kwenye ko-opu hununui nyumba. Jengo zima ni mali ya kampuni, we unanunua hisa za kampuni, na hisa zinakupa mkataba wa kukaa apatimenti namba fulani basi. Wakenya mtanielewa haraka, fleti nyingi Nairobi ziliuzwa kwa mkataba wa pango refu pamoja na hisa ya kampuni inayosimamia jengo, mpaka ikaja Sectional Properties Act ya 2020 kubadilisha mambo. Hii ya New York ni ndugu yake. Kila mwezi unalipa ada, wenyewe wanaita mentenansi, humo mna kodi ya jengo, mishahara ya mabawabu, joto la winta na deni la jengo kama lipo. Na kampuni ina bodi, majirani waliochaguliwa na majirani, ndo wanaosema uingie au usiingie.

Wanataka marejesho yako ya kodi, taarifa za benki, barua za wanaokujua, barua ya mwajiri, halafu wanakuita intavyuu. Kuna majengo ya Fifth na Park Avenue hawataki kabisa kusikia mkopo, keshi tu. Wakikukataa hawakwambii kwa nini. Madonna yule mwimbaji walimkataa ko-opu ya San Remo 1985. Nixon, mtu aliyekuwa rais, 1979 alitaka kuingia ko-opu upande huu huu wa mashariki, majirani wakaja juu, akaishia kununua nyumba ya peke yake mtaa wa 65.

Ukiishia hapo utaona ni roho mbaya tu, na wengi kwenye grupu waliishia hapo. Lakini huo ukali una historia. Ko-opu nyingi za kifahari zilijengwa miaka ya 1920, ukaja mdororo wa 1929, wenye hisa wakashindwa kulipa, na ukiwa na kampuni moja na deni moja jirani asipolipa mzigo unakuja kwako. Nyingi zilianguka zikageuzwa za kupangisha, zikaja kurudi kuwa ko-opu baadae sana. Kwa hiyo wakikukagua benki mpaka senti ya mwisho wanaogopa kukulipia wewe. Na imewasaidia, mtikisiko wa 2008 ulipopiga ko-opu za Manhattan zilinyang'anywa na mabenki kwa uchache sana, ndani hakukuwa na watu wa mikopo ya kubahatisha. Nani kati yetu amewahi kucheza upatu na mtu asiyemjua?

Turudi kwenye bei sasa. Iko chini kwa sababu umeuza kipande cha uhuru wako. Kupangisha hupangishi unavyotaka, majengo mengi yanakuruhusu miaka michache tu na ukaombe. Ukitaka kuuza, mteja uliyemtafuta mwenyewe bodi inaweza kumkataa, na mentenansi inaendelea kukutafuna nyumba ikiwa tupu. Wenye pesa za kuja kuzificha kwenye nyumba wasiyoishi wanakimbilia kondo, huko hakuna wa kuwahoji. Sasa ona, wale wasiokuja ndo wanashusha bei, na hao hao kutokuja kwao ndo kunaleta ule utulivu aliousifia kaka yetu, bawabu anawajua watoto wote kwa majina, kwenye lifti ni sura zile zile miaka ishirini. Huwezi kuchukua utulivu ukaacha bodi, vinauzwa pamoja.

Hata ukishaingia bodi ipo. Majengo mengine ukarabati mkubwa ni kiangazi tu, sisi tunaingia saa tatu asubuhi, saa kumi jioni vifaa chini, ndo maana jiko la wiki sita linachukua viangazi viwili. Kuna kesi ya ko-opu ya One Fifth Avenue, mwenye hisa alitaka kusogeza bomba la mvuke jikoni kwake bodi ikakataa, mahakama ya juu ya jimbo mwaka 1990 ikasema bodi ikiamua kwa nia njema, kwa faida ya jengo na ndani ya mamlaka yake, mahakama haiingilii. Bomba tu hilo. Halafu michango, na hii sio ya harusi, ni ya matengenezo ya jengo. Mwaka 1979 kipande cha ukuta kilidondoka kutoka jengoni kikaua mwanafunzi, tangu sheria ya 1980 majengo yanayozidi ghorofa sita lazima kuta za nje zikaguliwe kila baada ya miaka kadhaa, na ukiona jukwaa la mabomba limezunguka jengo ujue kuna mtu ndani kaletewa bili. Sasa hivi kuna na sheria ya 2019 ya kupunguza hewa ya ukaa inayotoka majengoni, vikomo vimeanza 2024, ukivuka faini ni dola 268 kwa kila tani iliyozidi, na boila la mvuke la zamani kuvuka ni rahisi.

Kwangu mimi ukali wa pesa nauelewa kabisa. Ninaloligomea ni ukimya. Sheria inakataza ubaguzi wa rangi, dini, asili, sawa, lakini utauthibitishaje kama hujapewa sababu? Mtu anaitwa Mwanahamisi, benki safi, mshahara safi, kakataliwa, akamshtaki nani kwa lipi? Westchester, kaunti ya hapo jirani tu, wana sheria ya kuilazimisha bodi ijibu ndani ya muda, na majengo hayajaporomoka. Wanaosema kutoa sababu kutaleta kesi kila siku mi nawauliza, sababu ikiwa ni pesa, kuna kesi gani hapo?

Kaka mwenyewe usiku akaandika tena, kwamba mpango wake ni akae miaka mitatu kisha arudi Tanga na apatimenti aipangishe. Nikamwambia kabla hajaenda kuangalia madirisha aombe karatasi ya masharti ya kupangisha ya hilo jengo, asome miaka mingapi wanaruhusu. Kasoma meseji yangu, tiki mbili za bluu, hajajibu.