Viza ya kustaafu ianzie kwa mtegemezi, si kwa mstaafu

Anayepanga kwenda kuishi uzee wake nchi ya ugenini huanza kwa kujipima mwenyewe. Umri umefika? Pensheni inatosha? Akiba iliyoko benki inakidhi? Ni maswali ya haki, na majibu yake hayana taabu kupatikana, maana nchi zinazopokea wastaafu huyaandika waziwazi. Thailand inataka uwe na miaka 50 au zaidi, na baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Panama inataka pensheni ya maisha isiyopungua dola 1,000 kwa mwezi. Ukitimiza, umetimiza.

Lakini wengi wetu hatuondoki peke yetu. Yuko mke au mume ambaye hajafikisha umri. Yuko kitinda mimba aliye sekondari bado, mjukuu anayelelewa na babu na bibi, mama aliyevuka miaka 80, ndugu mwenye ulemavu ambaye hajawahi kuishi mbali na familia. Hao ndio wanaoamua kama safari itawezekana. Kwa hiyo nashikilia kwamba mipango ya viza ianzie kwao: mtazame yule ambaye itakuwa vigumu zaidi kumpatia kibali, tafuta nchi inayompokea yeye, halafu ndipo ujipime wewe. Mstaafu mwenye pensheni atapata pa kwenda. Mama yake huenda asipate.

Sababu ni kwamba kila nchi ina sheria yake juu ya nani ahesabiwe kuwa mtegemezi, na sheria hizo zimepishana mno. Malaysia, katika mpango wake wa makazi ya muda mrefu, inakubali mwenzi wa ndoa, wazazi na hata wakwe, na watoto hadi miaka 34 mradi hawajaoa au kuolewa na hawafanyi kazi. Ufilipino inakubali mwenzi na watoto wasio na ndoa walio chini ya miaka 21. New Zealand ina viza ya muda kwa wastaafu wenye miaka 66 na kuendelea, nayo inamkubali mwenzi tu. Mtoto anayekutegemea hayumo. Familia ileile moja, yenye fedha zilezile, inaweza kuwa familia kamili huku na nusu familia kule.

Kwa wazazi hali ni ngumu zaidi, na hapa ndipo ninapoumia. Uingereza ilifunga njia yake ya wastaafu wanaojitegemea mwaka 2008, kisha mwaka 2012 ikakaza masharti ya kuwaleta wazazi wa watu waliokwishahamia. Tangu hapo mzazi lazima awe anahitaji kuhudumiwa mwilini kwa muda mrefu, na ithibitishwe kuwa huduma hiyo haipatikani alipo, hata kwa fedha za mwanawe. Maana yake ni kwamba mzazi ambaye bado anajimudu hakubaliwi, na aliyedhoofika anakataliwa pia kama inaaminika kuwa mfanyakazi wa kulipwa anaweza kumwangalia. Sijui mtoto gani anayempenda mama yake angeutunga utaratibu huo. Kanada angalau ina viza maalumu ya wazazi na mababu, ambayo tangu 2022 inamruhusu mgeni kukaa hadi miaka 5 kwa kuingia mara moja, ingawa anabaki kuwa mgeni.

Watoto nao wana jambo lao: wanakua. Mtoto wa miaka 17 anapoingia kwa kibali cha mzazi, kibali hicho kina mwisho hata kama hakuna aliyemwambia. Siku atakayovuka umri uliowekwa na sheria atahitaji viza yake mwenyewe, aghalabu ya masomo, au aondoke nchi ambayo huenda ndiyo pekee aliyobaki na rafiki ndani yake. Tena nchi hazipimi umri kwa namna moja: nyingine hutazama siku ombi lilipowasilishwa, nyingine siku linapoamuliwa. Ombi likikaa miezi minane mezani kwa ofisa, tofauti hiyo inatosha kumtoa mtoto kwenye orodha. Wenye watoto wa umri huo waulize hili mapema kuliko kodi na nyumba.

Mjukuu ana ugumu mwingine. Kumlea tangu uchanga hakukufanyi kuwa mlezi wake mbele ya uhamiaji. Wanataka amri ya mahakama au hati ya kuasili, na ridhaa ya maandishi ya mzazi aliye hai. Mambo hayo huchukua muda mrefu na wakati mwingine hufukua magomvi ya kifamilia yaliyokuwa yamelala, kwa hiyo yaanze kabla hata hamjachagua nchi.

Ndugu mzima mwenye ulemavu, au mtoto mtu mzima asiyeweza kujitegemea, ndiye anayesahaulika na sheria nyingi. Pale anapokubaliwa, utaombwa kuthibitisha kwamba kweli anakutegemea wewe. Ripoti ya daktari ni lazima, lakini haitoshi. Ofisa anataka kuona mkondo wa fedha: nani alilipa matibabu, nani alilipa pango, kwa miaka mingapi. Wanaowatunza ndugu zao kwa fedha taslimu, mkono kwa mkono, hujikuta hawana hata karatasi moja ya kuonyesha utunzaji wa miaka yote hiyo. Ninachomwomba kila mtu mwenye ndugu wa namna hii ni kwamba, kuanzia sasa, fedha zake zipite benki na risiti zake zitunzwe.

Kuhusu gharama sitasema mengi, kwa kuwa hesabu yenyewe ni nyepesi. Hispania inampima mstaafu asiyefanya kazi kwa asilimia 400 ya kiwango chake rasmi cha kipato, kiwango ambacho kimekuwa euro 600 kwa mwezi tangu 2023. Hiyo ni euro 2,400, na kila mtegemezi anaongeza 600. Panama inaongeza dola 250 kwa mwezi kwa kila mmoja. Kinachokwamisha zaidi ni bima ya afya. Hispania inadai bima binafsi isiyo na mchango wa mgonjwa anapotibiwa, na kampuni nyingi za bima hazipokei mteja mpya aliyekwisha kuzeeka sana, au hukataa kugharamia ugonjwa aliokuja nao. Tafuteni kwanza bima ya yule mkongwe. Ikikosekana, hakuna haja ya kuendelea na makaratasi mengine.

Nayo makaratasi yana mpangilio wake. Vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa huhitaji kuhalalishwa, kwa muhuri wa apostili, yaani uthibitisho wa hati unaotambulika kimataifa, pale nchi zote mbili zinapofuata Mkataba wa Hague wa 1961, au kwa kupita wizarani na ubalozini pale zisipofuata. Kisha vinatafsiriwa. Cheti cha polisi huisha muda wake haraka, kwa hiyo kiombwe mwisho, vingine vikiwa tayari. Jina la mama lililoandikwa kwa herufi tofauti kwenye cheti cha mtoto na kwenye pasipoti linaweza kusimamisha ombi la familia nzima, na kulirekebisha ukiwa umeshahama ni mateso.

Limebaki jambo ambalo familia nyingi huliona zito kulitaja: kifo cha mwenye viza. Vibali vya wategemezi, katika nchi nyingi, vimeshikizwa kwenye kibali chake. Akifariki, vinaanza kuporomoka. Mjane yumo katika msiba, akaunti za marehemu zimefungwa, pensheni imesimama au imepungua, na wakati huohuo anatakiwa aombe upya kwa sifa zake mwenyewe au afungashe. Naliona hili kuwa dhuluma. Nchi iliyonufaika na fedha za mtu kwa miaka 10 haipaswi kumhesabia mjane wake siku.

Lakini sheria haitabadilika kwa sababu mimi nimeumia, kwa hiyo tujipange. Kama wote wawili wana umri unaotakiwa na fedha zinaruhusu, kila mmoja aombe viza yake kamili, asiwepo mtegemezi kati yao. Isipowezekana, basi mwenzi awe na akaunti kwa jina lake tangu mwanzo, na sehemu ya akiba ikae humo. Muulizeni mlipa pensheni ni asilimia ngapi humfikia mjane au mgane, na kama inavuka mpaka. Andikeni wosia unaotambulika katika nchi mnayohamia. Na kabla ya kuuza nyumba, iandikieni ofisi ya uhamiaji ya huko kuuliza nini kitamtokea mtegemezi iwapo mwenye viza atafariki, na jibu lake mlipate kwa maandishi.